Shule ya Rosenwald jirani yetu: zawadi ya tajiri au jasho la wazazi?

*"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Tanga, tunaishi North Carolina. Binti yangu amepewa kazi ya shule kuhusu jengo la zamani la mbao lililo maili chache kutoka kwetu. Watu wa hapa huliita shule ya Rosenwald. Kitabu chake kinasema shule hizo zilijengwa na tajiri Mzungu wa Chicago akisaidiana na Wazungu wema wa Kusini. Bibi mmoja Mmarekani Mweusi tunayesali naye, aliyesoma humo enzi za utengano, amemwambia: 'Hakuna aliyetupa shule, tulijijengea.' Mume wangu naye anasema yote yalikuwa ujanja wa kuwabakiza Weusi mashambani. Mtoto amechanganyikiwa, na mimi pia. Nani anasema kweli? Iliwezekanaje watu waliowatenga Weusi kisheria wakae nao meza moja kupanga shule? Na tuanzie wapi kutafuta habari za jengo lile?"*

Marahaba, mama. Nimeielewa shida yenu. Mtoto ana majibu matatu mkononi, kila moja limetoka kwa mtu anayemheshimu, naye anatakiwa aandike moja. Nitaanza na la bibi, kwa sababu ndilo lililo karibu zaidi na ukweli na hesabu zilizobaki zinamuunga mkono.

Mfuko wa Julius Rosenwald, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Sears, Roebuck, ulisaidia kujenga shule za Weusi katika majimbo 15 ya Kusini mwa Marekani. Hadi mwaka 1932 yalikuwa yamesimama majengo 5,357, yakiwemo shule 4,977, nyumba za walimu na karakana. Gharama yote ilikuwa zaidi ya dola milioni 28.4. Mfuko wenyewe ulitoa kama milioni 4.36. Wananchi Weusi, wengi wao wakulima maskini, walichanga kama milioni 4.73. Michango ya Wazungu binafsi ilifika kama milioni 1.2, na kiasi kilichobaki, kama milioni 18, kilitoka katika kodi. Kwa hiyo maskini wa vijijini walitoa nyingi kuliko tajiri, kwa fedha, kwa siku walizofanya kazi bila malipo, kwa mbao walizokata na kwa ardhi waliyoitoa.

Mpango ulikuwa hivi. Booker T. Washington, mkuu wa chuo cha Tuskegee huko Alabama, alikutana na Rosenwald mwaka 1911. Mwaka uliofuata Rosenwald alitimiza miaka 50 akatoa dola 25,000 kwa ajili ya chuo hicho na matawi yake, na Washington akaomba sehemu ya fedha hizo ijenge shule sita ndogo za vijijini. Ya kwanza ilikamilika mwaka 1913 Loachapoka, Alabama, kwa dola 942 hivi. Rosenwald alitoa 300, na zilizobaki zikatoka kwa wenyeji, Weusi na Wazungu, pamoja na nguvu kazi. Huu ndio ukawa mfano. Fedha za mfuko hazikutolewa mpaka kijiji kionyeshe kwamba nacho kimechanga, na mpaka bodi ya elimu ya kaunti ikubali kuweka fedha za umma, kuendesha shule na kumlipa mwalimu. Ukitaka kumweleza binti yako kwa lugha ya nyumbani, mwambie ilikuwa harambee yenye masharti, ambayo mgeni rasmi hatoi bahasha yake mpaka serikali nayo itoe ya kwake.

Sharti hilo la bodi ndilo moyo wa jambo lote. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imehalalisha utengano mwaka 1896 kwa maneno "watengwe lakini wawe sawa". Usawa ule haukuwepo. Katika kaunti ya Clarendon, South Carolina, mwaka wa masomo 1949 hadi 1950, mtoto Mzungu alitengewa dola 179 na mtoto Mweusi dola 43. Watoto Wazungu walikuwa na mabasi 30 ya shule, na wa Weusi hawakuwa na hata moja. Weusi walilipa kodi kama wengine, lakini fedha ikifika kwenye bodi ilielekezwa kwingine, na karibu kote walikuwa wamenyang'anywa kura ya kuwang'oa wajumbe wa bodi. Chambo cha Rosenwald kiliilazimisha bodi iseme ndiyo au hapana mbele ya watu. Wazazi nao walilipa mara mbili: kwanza kodi, halafu mchango wa kuirudisha kodi ile ile kwa watoto wao. Bibi yenu anaposema "tulijijengea" anasema habari hiyo, na nadhani maumivu yamo ndani yake pia.

Michango ilikujaje? Kulikuwa na wakulima waliotenga kipande cha shamba la pamba wakakiita shamba la Rosenwald, na mavuno yake yote yakaenda kwenye ujenzi. Wanawake walipika na kuuza vyakula jioni za michango, waliuza kuku na mayai, walishona. Wakala mmoja wa mfuko huko Alabama alisimulia mkutano ambao mzee aliyewahi kuwa mtumwa alisimama, akatoa mfuko wake mchafu wenye akiba ya maisha yake yote, akaumimina mezani: dola 38. Alisema anataka watoto wa wajukuu zake wapate nafasi. Ningependa mtoto wako aijue habari ya mzee huyo kabla hajamwandika tajiri.

Sasa tuje kwa Wazungu, maana swali lako la jinsi walivyokaa meza moja ni zuri na watu wengi hulijibu kwa haraka mno. Msidhani kwamba kila Mzungu aliyesaidia alipinga utengano. Wengi wao waliukubali, na wengine waliutetea. Walichokubaliana na Weusi ni jambo dogo zaidi: kwamba mtoto Mweusi asisome kwenye banda linalovuja. Sababu zao hazikuwa za namna moja. Wapo walioguswa kwa dhati, hasa watu wa makanisa. Wapo wenye mashamba ambao, tangu Vita vya Kwanza vya Dunia, waliwaona vibarua wao wakipanda treni kwenda Chicago na Detroit, wakatumaini kwamba shule bora itawashika. Wapo wasimamizi wa elimu walioona kwamba kaunti inapata jengo zuri kwa chini ya bei yake kamili. Na kwa sheria jengo hilo likawa la kaunti: ardhi iliyotolewa au kununuliwa na wazazi Weusi iliandikishwa kwa bodi ya elimu, ambayo wajumbe wake walikuwa Wazungu. Hati hiyo ina mambo makubwa. Nitaifikia.

Jimbo lenu ni mahali pazuri pa kuona ushirikiano ulivyoendeshwa siku hadi siku, kwa sababu North Carolina ilijenga majengo zaidi ya 800, mengi kuliko jimbo lingine lolote. Nathan Newbold, Mzungu, aliwekwa mwaka 1913 kuwa wakala wa jimbo wa shule za Weusi, na kuanzia 1921 akaongoza idara yao. Kazi yake kubwa ilikuwa kuzungumza na Wazungu wenzake: wasimamizi, wajumbe wa bodi, wabunge. Pembeni yake walikuwepo Weusi wawili ambao bila wao asingefika mbali. George E. Davis, aliyekuwa profesa katika chuo cha Weusi mjini Charlotte, alizunguka kanisa hadi kanisa akikusanya ahadi na kufuatilia madeni. Annie Wealthy Holland alisimamia walimu wa shule za msingi za Weusi jimbo zima, na akaanzisha umoja wa wazazi na walimu Weusi wa North Carolina. Kila mmoja alizungumza na upande ambao mwingine hakuweza kuzungumza nao. Holland hakuwa na nafasi ya kuingia katika bodi ya kaunti na kuiamuru. Newbold naye asingeweza kusimama katika kanisa la wakulima Weusi na kuaminiwa jioni ile ile.

Kazi ya Holland ilikuwa na chimbuko jimbo la Virginia, kaunti ya Henrico. Mwalimu Virginia Randolph, mtoto wa watu waliozaliwa utumwani, alikuwa na shule ya chumba kimoja. Aliisafisha, akaipaka rangi, akapanda miti, akafundisha kushona na kufuma vikapu pamoja na kusoma, akawatembelea wazazi majumbani. Msimamizi wa elimu wa kaunti, Mzungu aitwaye Jackson Davis, alipoona kazi ile aliandika kuomba fedha za mfuko ulioanzishwa na Anna Jeanes, mama wa madhehebu ya Quaker kutoka Philadelphia, aliyetoa dola milioni moja kwa ajili ya shule za Weusi vijijini. Mwaka 1908 Randolph akawa mwalimu msimamizi wa kwanza wa mfuko huo, akizungukia shule zaidi ya 20. Baada yake mamia ya wanawake Weusi wakashika kazi hiyo Kusini kote mpaka 1968. Vitabu humtaja Davis aliyeandika barua. Lakini alichokiandika kilikuwa kimefanywa tayari na Randolph, tena kwa miaka mingi, kabla Davis hajafika.

Kulikuwa na vyombo vya ushirikiano pia. Mwaka 1919, baada ya msimu wa mashambulizi makali dhidi ya Weusi, Tume ya Ushirikiano wa Rangi ilianzishwa Atlanta, ikiongozwa na Will Alexander, mchungaji wa Kimethodisti. Iliunda kamati za Weusi na Wazungu katika mamia ya kaunti. Kamati nyingi ziliomba mambo ya kawaida: mhula mrefu zaidi, mishahara ya walimu, shule ya sekondari. Nyingine zilikufa baada ya mikutano michache. Hazikuudai utengano uondoke, na mimi nasema waziwazi kwamba hapo ndipo udhaifu wao ulipokuwa: ziliwafanya Weusi waombe kwa adabu kile walichokwisha kukilipia.

Atlanta hiyo hiyo inaonyesha njia nyingine. Weusi wa mji ule walizuiwa kwenye uchaguzi wa mchujo wa ndani ya chama, lakini katika kura za kuidhinisha mikopo ya mji waliruhusiwa. Mwaka 1919 uongozi ulitaka mkopo ambao shule za Weusi zisingepata la maana, na Weusi wakajipanga wakauangusha. Ndipo mazungumzo ya kweli yakaanza. Mkopo wa 1921 ukapita ukiwa na fungu la shule zao, na mwaka 1924 ikafunguliwa shule ya sekondari ya Booker T. Washington, ya kwanza ya umma kwa Weusi wa Atlanta. Nimesoma habari nyingi za ushirikiano wa namna hii, na naona uliota mizizi pale tu Weusi walipokuwa na kitu mkononi ambacho upande wa pili ulikihitaji: kura, fedha zilizokwisha changwa, au nguvu kazi inayoweza kufunga mizigo na kuhama. Wema mtupu ulizaa hotuba.

Mume wako naye tumsikilize, kwa sababu hajabuni. Fedha nyingi za matajiri wa Kaskazini zilipenda elimu ya ufundi na kilimo kwa Weusi, kwa mtindo wa vyuo vya Weusi vya Hampton na Tuskegee. Mwaka 1917 Thomas Jesse Jones wa mfuko wa Phelps-Stokes alitoa ripoti kubwa iliyousifu mwelekeo huo, na msomi Mweusi W.E.B. Du Bois akaishambulia akisema inawanyima Weusi elimu ya juu na kuwaacha mikononi mwa wafadhili Wazungu. Du Bois alikuwa na haki. Ramani za shule za Rosenwald zilikuwa na chumba cha kazi za mikono, na wenye mashamba waliochangia hawakuwa wakiota kupata wanasheria Weusi.

Lakini mfadhili akitaka jambo, haina maana kwamba mtoto atalipata hilo tu. Ndani ya majengo yale walimu Weusi walifundisha kusoma, hesabu na historia, chini ya madirisha makubwa yaliyopangwa ili mwanga wa asubuhi na jioni uingie vizuri, kwani sehemu nyingi hazikuwa na umeme. Mwaka 2011 wachumi Daniel Aaronson na Bhashkar Mazumder walichapisha utafiti uliofuatilia watoto wa maeneo yenye shule hizo. Waliona mahudhurio, kusoma na kuandika na miaka ya masomo ikipanda kwa kiasi kikubwa, na waliosoma humo wakahamia Kaskazini zaidi kuliko wengine. Mwenye shamba aliyetaka kumshika kibarua alimfungulia mlango wa kuondoka! John Lewis, aliyekuja kuongoza maandamano ya Selma ya kudai haki ya kupiga kura na kuwa mbunge, alisoma katika shule ya Rosenwald kaunti ya Pike, Alabama. Kwa hiyo mwambie baba mtoto kwamba nia ameiona sawasawa, na matokeo yalikuwa mengine.

Tena jambo hili lilifika hadi kwetu. James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast (sasa Ghana), alifundisha miaka mingi chuo cha Livingstone mjini Salisbury, humo humo North Carolina. Mwaka 1924 alikuja Afrika Mashariki na tume ya Phelps-Stokes iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones yule yule. Mwaka uliofuata ikafunguliwa Shule ya Jeanes pale Kabete, Kenya, chini ya James Dougall, ili kuandaa walimu wa kuzungukia shule za vijijini kwa mfano wa akina Virginia Randolph. Mkenya Mbiyu Koinange alikwenda kusoma Hampton, Virginia, na aliporudi akaongoza chuo cha ualimu cha Githunguri kilichoanzishwa mwaka 1939 kwa michango ya wazazi waliokuwa tayari wanalipa kodi ya mkoloni. Serikali ilikifunga mwaka 1952. Binti yako ataielewa hadithi ya bibi vizuri zaidi akijua kwamba wazee wa huku nao walijenga kwa namna ile ile, wakakutana na ukuta ule ule.

Sasa turudi kwenye ile hati. Maadamu majengo yalikuwa mali ya bodi, siku bodi ilipoamua kuyafunga wazazi hawakuwa na la kusema. Kule Clarendon wazazi waliomba basi moja tu. Walipokataliwa, wakiongozwa na mchungaji Joseph DeLaine, walikwenda mahakamani, na wengi wakafukuzwa kazi kwa kutia saini. Jaji Mzungu Waties Waring aliandika mwaka 1951, akipingana na wenzake wawili, kwamba utengano wenyewe ndio kutokuwa sawa. Alisuswa na watu wa tabaka lake Charleston mpaka akahamia New York. Huo pia ni ushirikiano, na ulimgharimu kuliko kamati yoyote. Kesi ile ikaunganishwa na nyingine katika hukumu ya Brown ya 1954, ambayo Mahakama Kuu ilitangaza utengano wa shule za umma kuwa kinyume cha katiba. Utengano ulipovunjwa, bodi nyingi zilizifunga shule za Weusi badala ya kuzichanganya kwa haki, na walimu Weusi wapatao 38,000 wa majimbo 17 wanakadiriwa kupoteza kazi hadi kufikia 1965. Ndiyo maana utawasikia wazee wa huko wakiilaani sheria ya utengano na kuililia shule yao katika sentensi moja. Mtoto asidhani wanajipinga.

Kuhusu jengo lenu, anzeni na kumbukumbu za Mfuko wa Rosenwald zilizo Chuo Kikuu cha Fisk, Nashville. Zinatafutika mtandaoni kwa jimbo na kaunti, na kila shule ina kadi inayoonyesha nani alitoa kiasi gani: Weusi, Wazungu, kodi, na mfuko. Nyingi zina picha. Kadi moja hiyo itamaliza nusu ya ubishi wa mezani kwenu, kwa sababu mgawanyo ulitofautiana sana kati ya kijiji na kijiji, na wastani nilioutoa juu hauwezi kuisemea shule moja. Hakikisheni pia kwamba kweli ni ya Rosenwald, maana si kila shule ya mbao ya Weusi ilipata fedha hizo, na nyingine wazazi walizijenga bila msaada wa mtu.

Baada ya hapo nendeni wenyewe. Ofisi ya hati za ardhi katika mahakama ya kaunti itawaonyesha nani alitoa kiwanja na mwaka gani, na mara nyingi jina la familia hiyo bado lipo kanisani kwenu. Nyaraka za idara ya Newbold zipo katika hifadhi ya jimbo mjini Raleigh. Pigeni simu kwanza, mweleze mtafiti mnataka kaunti gani na miaka gani. Mkikuta kumbe jengo lina mgogoro wa umiliki, au familia ya bibi inadai kiwanja, msijaribu kutoa maoni. Hiyo ni kazi ya mwanasheria wa ardhi wa jimbo hilo. Na msiingie ndani bila ruhusa ya mwenye jengo na mtu anayejua majengo. Sakafu za mbao za miaka 90 huoza kwa chini bila kuonekana, na rangi za zamani zina madini ya risasi, hatari kwa watoto wadogo.

Ila msisubiri kadi wala hati kabla ya kwenda kwa bibi. Ombeni ruhusa ya kumrekodi, mpelekeeni picha mkizipata, na mtoto aulize mambo ya mkononi: nani aliwasha jiko asubuhi, vitabu vilitoka wapi na vilikuwa na majina ya nani ndani yake, mwalimu alilala nyumba ya nani, mhula ulikatizwa lini kwa ajili ya pamba, Mzungu gani aliwahi kufika shuleni na alikuja kufanya nini. Akichoka, simamisheni mrudi siku nyingine. Akisema jambo ambalo kadi inalipinga, mtoto aandike yote mawili, kila moja na mahali lilipotoka.

Kazi ikikamilika, nakala ya kwanza apelekewe bibi aisome, arekebishe majina, kabla haijafika kwa mwalimu.